Jogoo Mkali: Chanzo cha Ukali Wake na Namna ya Kumdhibiti

Ndugu mtahiniwa, kifungu hiki ni makala ya maelezo. Makala ya aina hii hutaja tatizo, hueleza chanzo chake, kisha hutoa njia za kulitatua. Vifungu vya namna hii hufaa sana kwa maswali ya ufahamu, kwa kuwa mtahini huweza kupima kama umeuona uhusiano kati ya sababu na matokeo. Soma mara ya kwanza bila kuandika chochote. Mara ya pili, pigia mstari wazo kuu la kila aya. Maswali na mwongozo wa majibu vipo mwishoni. Usiuangalie mwongozo kabla hujajibu.

1. Tatizo lenyewe

Ukipita katika miji ya watu Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega, utakuta kuku wa kienyeji karibu kila kaya. Asubuhi hufunguliwa, hushinda wakijitafutia chakula uani na pembezoni mwa mashamba ya pamba na mtama, na jioni hurudi wenyewe. Kwa familia nyingi za mkoa wa Simiyu kuku ni kitoweo cha mgeni, na pia ni akiba. Daftari zikiisha au mtu akiumwa ghafla, kuku wawili wakipelekwa mnadani fedha inapatikana siku hiyo hiyo.

Katika kundi kama hilo huweza kutokea jogoo mkali. Humvizia mtoto anayekwenda kutupa taka, humrukia mama aliyeshika ndoo kichwani, na humfuata mgeni mpaka mlangoni. Jogoo aliyekomaa ana mdomo mgumu, ana kucha, na nyuma ya kila mguu ana mwiba ambao kwa Kiswahili sanifu huitwa kikwaru. Kwa mtu mzima kikwaru huchana ngozi ya mguu. Kwa mtoto wa miaka 3 au 4, ambaye uso wake uko karibu na kimo anachorukia jogoo, kikwaru hicho hicho huweza kutoboa jicho. Kwa sababu hiyo, suala la jogoo mkali si la kuchekwa.

Mara nyingi hukumu hutolewa kabla ya uchunguzi. Mmoja husema apigwe mpaka akome, mwingine husema achinjwe leo, na wa tatu husema aachwe kwa sababu ndiye mkubwa kuliko wote. Makala haya yanashikilia jambo moja: ukali wa jogoo una chanzo, na dawa yake hutegemea chanzo hicho. Anayeijua sababu huchagua hatua inayofaa, na asiyeijua hupiga tu.

2. Kazi ya jogoo katika kundi

Kabla ya kumhukumu jogoo, jiulize anafugwa kwa nini. Mtetea hutaga mayai hata kama hakuna jogoo, lakini mayai hayo hayataanguliwa kwa sababu hayajarutubishwa. Anayetaka vifaranga lazima awe na jogoo.

Kazi ya pili ni ulinzi. Jogoo huinua kichwa mara kwa mara na kutazama juu na pembeni wakati mitetea inaendelea kula. Akimwona mwewe hutoa sauti ya namna moja, na akimwona adui wa ardhini, kama nguchiro au kicheche, hutoa sauti tofauti. Mitetea na vifaranga huitambua tofauti hiyo: wakisikia sauti ya mwewe hukimbilia vichakani au chini ya ghala, na wakisikia ile ya adui wa ardhini husimama wima na kutazama. Tena, jogoo akipata chakula kizuri huwaita mitetea kwa mlio maalumu, akikidonoa na kukiachia.

Kwa hiyo jogoo mwenye ujasiri ni mali. Tatizo huanza ujasiri huo unapoelekezwa kwa watu wa nyumbani, au unapozidi kiasi hata mitetea inaumia. Zingatia tofauti hii, kwa sababu wanafunzi wengi huandika kuwa ukali wote wa jogoo ni mbaya. Kifungu hakisemi hivyo.

3. Vyanzo vya ukali

*(a) Homoni.* Pora, yaani jogoo mchanga, akikaribia umri wa miezi 5 au 6 hubadilika. Upanga wake kichwani hukua na kuwa mwekundu, sauti hukatika na kuwa ya kuwika, naye huanza kupanda mitetea na kupigana. Mabadiliko haya huletwa na homoni ya kiume inayotengenezwa katika korodani. Jambo hili lilionyeshwa kwa kutumia majogoo wenyewe. Katika miaka ya 1840 Arnold Berthold, wa Chuo Kikuu cha Göttingen nchini Ujerumani, alichukua majogoo wachanga 6. Walioondolewa korodani na kuachwa hivyo walikua bila upanga mkubwa, hawakuwika kama majogoo na hawakupenda kupigana. Wengine waliondolewa korodani, kisha wakapandikiziwa korodani ndani ya tumbo. Hao waliwika, walipigana na kupanda mitetea kama kawaida, ingawa mishipa ya fahamu ya korodani hizo ilikuwa imekatwa. Berthold alihitimisha kuwa kuna kitu kinachotoka katika korodani na kusafiri ndani ya damu. Kitu hicho ndicho homoni iliyokuja kutambuliwa mwaka 1935 na kupewa jina la testosteroni. Kama unasoma Biolojia, mfano huu utakusaidia pia katika mada ya uratibu wa mwili.

*(b) Ngazi ya utawala.* Kuku huishi kwa ngazi. Aliye juu humdonoa wa pili, wa pili humdonoa wa tatu, na wa mwisho hudonolewa na wote. Mtafiti wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewachunguza kuku tangu utoto wake, aliieleza ngazi hiyo kitaalamu katika miaka ya 1920. Ngazi ikishatulia, ugomvi hupungua kwa sababu kila kuku anaijua nafasi yake. Ikivurugwa, kwa mfano ukileta jogoo mpya au mapora wawili wakikomaa kwa pamoja, vita huanza upya. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Baadhi ya majogoo huwaingiza hata binadamu katika ngazi hiyo. Kwao, mtoto anayepita kati ya mitetea ni jogoo mwingine aliyekuja kutaka nafasi.

*(c) Kurithi.* Kuku wa kufugwa wametokana na kuku mwitu wa misitu ya Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, ambao madume wake hupigania himaya na majike. Binadamu naye ameongeza au kupunguza tabia hiyo kwa kuchagua nani azalishwe. Kuku aina ya kuchi, wenye miguu mirefu, shingo ndefu na kifua kilichosimama, wanajulikana sana katika pwani ya Kenya na Tanzania kwa ugomvi. Jogoo mwenye damu ya kuchi huwa mkubwa na mzito, lakini mara nyingi huja na ukali wake. Mfugaji anayemchagua jogoo kwa ukubwa tu huweza kuchagua ukali bila kujua.

*(d) Mazoea.* Jogoo hujifunza. Mtoto akimrushia mawe, akimvuta mkia au akimchezea kwa fimbo, jogoo hujifunza kuwa mtu ni adui. Lakini lipo somo jingine ambalo wengi hawalioni. Jogoo akimrukia mtu na mtu akakimbia, jogoo amepata ushindi. Kesho atajaribu tena, na keshokutwa atajaribu kwa mtu mkubwa zaidi. Hivyo ukoo mzima huweza kumfundisha jogoo ukali kwa kumkimbia tu.

*(e) Mazingira.* Banda finyu, chombo kimoja cha maji kwa kundi kubwa na majogoo wengi kuliko inavyohitajika, vyote huongeza ugomvi. Kwa kuku wa kienyeji, jogoo mmoja hutosha kwa mitetea 8 hadi 12. Kaya yenye mitetea 9 na majogoo 4 imejitengenezea vita. Dalili yake huonekana kwa mitetea: manyoya hunyofoka mgongoni na kisogoni kwa kupandwa mara nyingi, na mingine hujificha mchana kutwa bila kula vizuri.

*(f) Maumivu.* Jogoo aliyekuwa mpole akibadilika ghafla, mchunguze. Huenda ana kidonda mguuni, utitiri au chawa wengi chini ya mabawa. Mnyama mwenye maumivu hujihami anapokaribiwa.

Ni nadra chanzo kimoja kusimama peke yake. Homoni ipo kwa kila jogoo mzima, lakini si kila jogoo huwarukia watu. Kinachoongezeka juu ya homoni, yaani damu, mazoea au msongamano, ndicho unachopaswa kukitafuta.

4. Dalili za jogoo anayetaka kushambulia

Jogoo hutoa onyo kabla ya kuruka. Hushusha bawa moja na kukuzunguka kwa ubavu. Husimamisha manyoya ya shingo yakawa kama mwavuli. Huinamisha kichwa na kukukazia macho. Wengine hudonoa ardhi kama wanaokula, ilhali hakuna chakula. Anayezijua dalili hizi hupata nafasi ya kumwondoa mtoto mapema. Angalia usikosee: jogoo hushusha bawa na kuzunguka pia anapomtongoza mtetea. Tazama anamzunguka nani.

5. Hatua za kumdhibiti

Hatua ya kwanza ni usalama wa watu. Siku hiyo hiyo jogoo aliyemrukia mtoto atengwe katika banda lake au ua wa miti au wavu, ambako anaweza kutembea, kula na kunywa. Asifungwe kamba mguuni siku nzima juani. Kamba hukata mguu na maumivu huongeza ukali. Mpaka atakapotengwa, mtoto mdogo asiachwe uani peke yake.

Hatua ya pili ni namna ya kukabiliana naye. Akikujia, usikimbie na usimpige teke. Kukimbia ni kumpa ushindi, na teke analielewa kama pigo la jogoo mwenzake, hivyo hurudi kwa nguvu zaidi. Simama wima, kinga miguu kwa ndoo, ungo au kipande cha ubao, kisha piga hatua kumwelekea polepole mpaka asogee yeye. Akishasogea au akigeukia kula, endelea na kazi yako. Usimpe kisogo akiwa bado anakukazia macho. Kazi hii ni ya mtu mzima au kijana mwenye nguvu, si ya mtoto.

Hatua ya tatu ni kumzoesha mikono ya watu. Kuku haoni vizuri gizani. Jioni akishapanda kulala, mchukue kwa utulivu, mkumbatie mabawa yakiwa yamebanwa ubavuni, umkague miguu, ngozi na macho, kisha umrudishe. Usimning'inize kichwa chini. Ukirudia hivyo jioni kadhaa, baadhi ya majogoo hutulia, hasa mapora ambao ukali wao umeanza karibuni. Ncha kali ya kikwaru huweza kupunguzwa kwa tupa ili isichome. Punguza ncha tu, kwa kuwa ndani ya kikwaru kuna mfupa hai wenye damu.

Hatua ya nne ni kurekebisha kundi. Punguza majogoo mpaka uwiano ukae sawa. Ongeza vyombo vya maji na chakula, uviweke mbalimbali ili mnyonge naye afikie. Weka miti ya kulalia ya kutosha. Acha vichaka au pembe za kujificha. Wakataze watoto kumchokoza jogoo, na uwaeleze sababu, maana mtoto aliyeelezwa hutii kuliko aliyekaripiwa.

Hatua ya tano ni uamuzi wa mwisho. Baada ya wiki chache za kufuata hatua hizo, jogoo ambaye bado anawarukia watu aondolewe. Achinjwe kwa kitoweo, au auzwe kwa nyama. Kumuuza kama jogoo wa mbegu bila kumwambia mnunuzi tabia yake ni kuhamishia hatari kwa watoto wa mwingine. Tena usimwache aendelee kupanda mitetea kwa sababu tu ni mkubwa, kwani ukali hurithiwa na mwaka ujao utakuwa na mapora wa namna yake.

Baadhi ya watu huuliza kuhusu kumhasi. Kwa kuku, korodani zipo ndani ya mwili karibu na figo, hivyo kumhasi ni upasuaji. Si kazi ya kisu cha nyumbani. Ni kazi ya mtaalamu wa mifugo, na jogoo aliyehasiwa hafai tena kwa mbegu.

Kumpiga jogoo mpaka azirai, kumkata mdomo au kumnyima maji ili apoe si njia za kumdhibiti. Huo ni ukatili, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kuwatesa wanyama.

6. Akishajeruhi mtu

Jeraha la kikwaru huonekana dogo kwa nje lakini huweza kuwa refu kwa ndani, na jogoo hukanyaga udongo na kinyesi siku nzima. Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Kama linatoa damu, likandamize kwa kitambaa safi. Kisha nenda zahanati au kituo cha afya, ukaeleze kuwa umechomwa na jogoo, ili mhudumu aangalie kama unahitaji chanjo ya pepopunda. Usipake majivu, udongo wala kinyesi cha mnyama. Kama jeraha liko jichoni, usilisugue, usilikandamize na usijaribu kutoa kitu kilichoingia. Lifunike bila kugusa jicho, na mpeleke mgonjwa hospitali mara moja.

7. Mfano wa kuchambua

Tuseme kaya moja ya Dutwa ina mitetea 9 na majogoo 4. Jogoo mkubwa kuliko wote, mwenye damu ya kuchi, amemrukia mara mbili mtoto wa miaka 4. Baba anataka kumtunza mpaka Desemba, kwa sababu sikukuu zikikaribia bei ya jogoo hupanda. Mama anataka achinjwe kesho. Kijana wao, aliye kidato cha nne, anaombwa ushauri.

Kijana anayefikiri vizuri hatatazama bei peke yake wala hasira peke yake. Kwanza ataona kuwa majogoo wamezidi: mitetea 9 inatosha jogoo mmoja, na anayebaki awe yule asiyewagusa watu, hata kama si mkubwa. Pili, ataona kuwa jogoo mkubwa ana vyanzo viwili vinavyoonekana, damu na msongamano, na msongamano tu ndio unaoweza kuondolewa. Tatu, atapima hasara. Fedha ya ziada ya Desemba huweza kupatikana mwaka mwingine, lakini jicho la mtoto likiharibika halirudi. Ushauri wake utakuwa huu: jogoo mkubwa atengwe leo. Kama kuna banda imara la kumweka, baba anaweza kusubiri soko. Kama halipo, auzwe kwa nyama katika mnada unaofuata. Kwa vyovyote vile asitumike tena kwa mbegu.

Wakinunua jogoo mwingine baadaye, wamtenge na kundi kwa wiki 2 kwanza ili kama ana ugonjwa uonekane, na wamuulize afisa mifugo wa kata kuhusu chanjo ya kideri. Wasidanganyike na upole wake wa siku za mwanzo. Jogoo wa shamba hawiki mjini, lakini akishauzoea mji huwika. Wampe muda, wamtazame anavyokaa na watu, ndipo waamue kama anafaa kuwa baba wa vifaranga.

Maswali ya kujipima

1. Kichwa cha habari kikiondolewa, ni kichwa gani kingine chenye maneno yasiyozidi 5 kingefaa kifungu hiki?
2. Kwa mujibu wa kifungu, mtetea anaweza kutaga bila jogoo. Kwa nini basi mfugaji anamhitaji jogoo? Toa sababu 3.
3. Eleza jinsi jaribio la Berthold linavyothibitisha kuwa ukali wa jogoo unahusiana na homoni.
4. "Ukoo mzima huweza kumfundisha jogoo ukali kwa kumkimbia tu." Fafanua kauli hii.
5. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (i) pora (ii) kikwaru (iii) upanga (iv) kuhasi.
6. Methali "fahali wawili hawakai zizi moja" imetumika kueleza jambo gani?
7. Fupisha sehemu ya 3(a) hadi 3(f) kwa maneno yasiyozidi 70.
8. Kutokana na kitenzi *chokoza*, unda (i) nomino ya mtendaji (ii) nomino dhahania (iii) kitenzi cha kauli ya kutendwa. Kisha changanua neno *wanachokozana* katika mofimu zake.
9. Andika insha yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300 kuhusu tatizo moja la ufugaji katika kijiji chenu, chanzo chake na utatuzi wake.

Mwongozo wa majibu

Swali la 1: kichwa kitaje jogoo na ukali au udhibiti, mfano "Jinsi ya kumdhibiti jogoo". Kichwa "Ufugaji wa kuku" ni kipana mno, na kwa hiyo hukosa alama.

Swali la 2: kurutubisha mayai, kulinda kundi, kuwaita mitetea kwenye chakula.

Swali la 3: taja pande zote mbili za jaribio. Walioondolewa korodani hawakupigana, waliopandikiziwa walipigana. Ukitaja upande mmoja tu hujathibitisha kitu, kwa sababu hakuna cha kulinganisha.

Swali la 4: onyesha kuwa kukimbia ni ushindi kwa jogoo, na ushindi humfanya arudie.

Swali la 5: (i) jogoo mchanga (ii) mwiba ulio nyuma ya mguu wa jogoo (iii) nyama nyekundu iliyo juu ya kichwa cha jogoo, wala si silaha (iv) kuondoa korodani. Neno lenye maana zaidi ya moja hujibiwa kwa maana ya kifungu.

Swali la 6: ugomvi wa majogoo wanaowania nafasi ya juu katika kundi moja. Usiieleze methali kwa ujumla tu. Swali linauliza imetumikaje katika kifungu.

Swali la 7: vyanzo vyote 6 vionekane, kila kimoja kwa sentensi fupi. Majina ya watafiti, miaka na mifano huachwa. Hesabu maneno na uandike idadi yake mwishoni.

Swali la 8: (i) mchokozi (ii) uchokozi (iii) chokozwa. *Wanachokozana*: *wa-* kiambishi cha nafsi ya tatu wingi, *-na-* kiambishi cha njeo ya wakati uliopo, *-chokoz-* mzizi, *-an-* kiambishi cha kauli ya kutendana, *-a* kiishio.

Swali la 9: insha iwe na utangulizi, kiini na hitimisho. Katika kiini, kila utatuzi uutoe katika chanzo ulichokitaja. Ukisema chanzo ni banda finyu, kisha ukapendekeza jogoo apigwe, umevunja uhusiano wa sababu na dawa, na mtahini ataliona hilo mara moja. Chagua tatizo unalolifahamu kweli, kama kideri, mwewe au wizi wa kuku, na uandike mambo unayoweza kuyatetea.